Edward Steere (1828–1882): Mjenzi wa Kanisa la Mkunazini

Jina la Edward Steere utalikuta mahali pawili katika masomo yako. Utalikuta katika Kiswahili, kwenye mada ya ukuaji na kuenea kwa lugha, na utalikuta katika historia, kwenye mada ya kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Watahiniwa wengi humtaja kwa sentensi moja katika kila mtihani bila kutambua kwamba ni mtu yule yule. Wasifu huu unakusaidia kuyaunganisha hayo mawili. Utakuonesha pia kwa nini jengo alilolisimamia katika Mji Mkongwe wa Zanzibar linahifadhiwa hadi leo na kufunguliwa kwa wageni wa dini zote. Soma taratibu, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

1. Maisha ya awali

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwezi Mei 1828. Alisoma katika chuo cha University College, London, akahitimu katika sheria hadi kufikia shahada ya udaktari. Mwaka 1850 alikubaliwa kuwa wakili. Hata hivyo, uwakili haukumvuta. Aliiacha kazi hiyo, akaingia katika utumishi wa Kanisa la Anglikana, akawekwa kuwa shemasi mwaka 1856 na kasisi mwaka 1858. Alihudumu katika vijiji vya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, na huko akafanya urafiki na kasisi mwenzake aliyeitwa William Tozer. Urafiki huo ndio uliomleta Afrika.

2. Jinsi alivyofika Zanzibar

Ili uelewe safari yake, rudi nyuma kidogo. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge, akawahimiza vijana wa Kiingereza waje Afrika. Hotuba hiyo ilizaa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ijulikanayo kwa kifupi kama UMCA. Wamisionari wa kwanza walikwenda Magomero, katika nchi tunayoiita leo Malawi, mwaka 1861. Walikutana na vita, njaa na homa. Askofu wao, Charles Mackenzie, alifariki mwaka 1862.

Tozer aliteuliwa kuchukua nafasi ya Mackenzie, akamwomba Steere afuatane naye. Waliondoka Uingereza mwaka 1863. Baada ya kukaa kwa shida karibu na mto Shire, Tozer aliamua kuihamishia misheni Zanzibar, na Agosti 1864 wakashuka Unguja. Livingstone alichukizwa na uamuzi huo, kwani aliuona kama kukimbia bara. Lakini Tozer na Steere walikuwa na hoja yao. Zanzibar ilikuwa kitovu cha misafara ya biashara, na lugha yake, Kiswahili, ilikuwa inasikika katika njia zote za misafara hadi ndani ya bara. Aliyekijua Kiswahili angeweza kufika mbali.

Muda mfupi baada ya kuwasili, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni Zanzibar. Jambo hili lina uzito: tangu mwanzo kazi ya Steere ilihusu watu waliotoka sokoni au waliokuwa njiani kupelekwa sokoni.

3. Mchango wake katika Kiswahili

Steere alianza kujifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wenyeji wa Unguja. Aliandika maneno, akapanga kanuni za sarufi, na akawauliza wazungumzaji pale alipokwama. Aliweka mtambo wa kuchapia, na vijana waliokombolewa wakafundishwa kupanga herufi na kuchapa. Matunda yake ni haya yafuatayo:

(a) Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Kitabu hicho kilikuwa na sarufi pamoja na orodha ndefu ya maneno, na kilitumika kwa miongo mingi.

(b) Mwaka huo huo alichapisha Swahili Tales, mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar, mojawapo ikiwa hadithi ya Sultani Darai. Hadithi hizo zilikuwa midomoni mwa wasimulizi tu. Kwa kuziandika, alihifadhi sehemu ya fasihi simulizi yetu.

(c) Alitafsiri vitabu vya ibada na sehemu kubwa ya Biblia, hususan Agano Jipya.

Mlinganishe na Johann Ludwig Krapf, ambaye alifanya kazi Mombasa na kuandika hasa Kiswahili cha huko, yaani Kimvita. Steere aliandika Kiunguja. Baada yake Arthur Madan, naye wa UMCA, aliendeleza kazi hiyo na kutoa kamusi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifishwa, Kiunguja kilichaguliwa. Usiandike kwamba Steere ndiye aliyesanifisha Kiswahili, kwani alikwisha kufa zamani. Andika kwamba maandishi yake na ya wenzake yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyokiweka Kiunguja mbele ya lahaja nyingine.

4. Soko linafungwa, msingi unawekwa

Sasa tuje Mkunazini. Katika karne ya 19 hapa palikuwa na soko kubwa la watumwa. Watu walioletwa kwa misafara kutoka bara na kuvushwa baharini waliuzwa mahali hapa kwa mnada. Baadhi walibaki katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakapelekwa Uarabuni na kwingineko.

Waingereza walikuwa wakiibana biashara hii hatua kwa hatua. Mkataba wa Moresby wa 1822 ulizuia kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Mkataba wa Hamerton wa 1845 ulizuia kuwasafirisha nje ya milki ya Sultani ya Afrika Mashariki. Mwisho, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yote. Alifanya hivyo baada ya kutishiwa kwamba manowari za Kiingereza zingeizuia bandari yake.

Soko lilifungwa, na uwanja ukabaki mtupu. Ungeweza kugeuzwa kuwa chochote: ghala, nyumba, au soko la bidhaa nyingine. Baada ya miaka michache hakuna ambaye angejua nini kilitendeka pale. Misheni iliamua vingine. Sehemu ya uwanja ilinunuliwa na Arthur West, mmoja wa wamisionari, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi. Siku ya Krismasi ya 1873, miezi sita tu baada ya mkataba, jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Tozer alikuwa amejiuzulu kwa sababu ya afya. Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu katika Westminster Abbey, London, mwezi Agosti 1874, akarejea Zanzibar na kuusimamia ujenzi.

5. Jengo lenyewe

Mchoro wa kanisa ulitoka Uingereza, lakini vifaa vingi na mikono mingi vilikuwa vya hapa. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingine za Mji Mkongwe. Umbo lake limechanganya mtindo wa makanisa ya Ulaya na madirisha ya upinde yanayofanana na yale ya majengo ya Kiarabu.

Jambo lililowashangaza watu ni paa. Steere hakutaka paa la mbao. Aliamua lijengwe kwa umbo la upinde, kwa vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na saruji. Wengi walidhani litaanguka mara tu mihimili ya kulishikilia itakapoondolewa. Halikuanguka. Kufikia mwaka 1880 kanisa lilikuwa limesimama, na ibada zilikuwa zimekwisha kuanza kufanyika ndani yake hata kabla kazi yote haijakamilika.

Ukiingia leo utaona msalaba wa mbao. Mbao hiyo ilitoka katika mti wa Chitambo, nchini Zambia, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Yule aliyechukizwa na misheni kuhamia Zanzibar sasa anakumbukwa ndani ya kanisa la Zanzibar.

6. Kazi ya bara na mwisho wa maisha yake

Usidhani Steere alikaa Unguja tu. Mwaka 1875 alisafiri kwa miguu hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kurudi bara. Walikusudia kufika karibu na Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi walipapenda, wakaanzisha makazi hapo. Masasi ikawa kituo muhimu cha dini na elimu kusini mwa Tanzania. Kisiwani Unguja, watu wengine waliokombolewa waliishi Mbweni, na vijana walisomeshwa Kiungani. Katika misheni hiyo hiyo, mwaka 1890, Cecil Majaliwa aliwekwa kuwa kasisi, akiwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo.

Steere alifariki Zanzibar mwezi Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya altare.

7. Baada ya kifo chake: nani alilinda jengo?

Wasifu wa mtu mwingine ungeishia hapo. Wa Steere hauishii hapo, kwa sababu jengo lina maisha marefu kuliko mjenzi wake, na jengo lisilotunzwa hufa.

Fikiria adui wa jengo la matumbawe. Adui wa kwanza ni maji. Mvua hupenya kwenye paa lenye ufa, hushuka ndani ya ukuta, na unyevunyevu huilegeza chokaa. Adui wa pili ni chumvi iletwayo na hewa ya bahari. Wa tatu ni ukarabati usiofaa. Fundi akipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza polepole huku nje ukionekana mpya. Ndiyo maana mafundi wa uhifadhi husisitiza kurudia chokaa. Adui wa nne ni ukosefu wa fedha: waumini wa parokia peke yao hawawezi kubeba gharama ya jengo la ukubwa huo.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni umuhimu wa mji huo katika historia ya kukomeshwa kwa utumwa. Baadaye Dayosisi ya Anglikana ya Zanzibar ilishirikiana na shirika la World Monuments Fund, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, kulikarabati kanisa na kuzuia nyufa na maji. Mwaka 2016 kituo cha urithi kilifunguliwa katika eneo hilo, chenye maonesho juu ya biashara ya utumwa ya Afrika Mashariki. Nje ya kanisa ipo pia sanamu iliyowekwa mwaka 1998, kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs. Inaonesha watu waliosimama ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni.

Leo eneo hilo lina kazi tatu kwa wakati mmoja. Ni nyumba ya ibada, ni makumbusho, na ni mahali pa maombolezo. Mgeni hulipa kiingilio, huongozwa na kuelezwa, na fedha hizo husaidia utunzaji. Jumapili waumini husali humo humo. Kupatanisha kazi hizo si rahisi. Wageni wengi mno huweza kuvuruga ibada, na kufunga milango kwa ajili ya ibada pekee kungeinyima jamii historia ambayo ni ya wote, Waislamu kwa Wakristo. Wengi wa waliouzwa pale hawakuwa Wakristo. Basi kumbukumbu yao haiwezi kuwa mali ya waumini wa kanisa peke yao.

Kama ukidhani uhifadhi ni anasa, angalia Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, mwendo wa dakika chache kutoka Mkunazini. Lilikuwa limedhoofika kwa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Kuchelewa kutunza jengo kunaweza kugharimu historia na uhai pia.

8. Tofautisha ushahidi na mapokeo

Mtahini hupenda mwanafunzi anayepima habari kabla ya kuiandika. Mkunazini utasimuliwa mambo mengi, na si yote yenye uzito sawa.

Kwa mfano, husimuliwa kwamba altare imewekwa pale pale ulipokuwa mti au nguzo ya kuwachapia watumwa, na kwamba duara la marumaru sakafuni ni alama yake. Husimuliwa pia kwamba baadhi ya nguzo zimesimamishwa kichwa chini kwa sababu mafundi walizijenga Steere akiwa safarini. Haya ni mapokeo. Yataje kama mapokeo.

Vivyo hivyo kwa vyumba vya chini vinavyooneshwa kwa wageni kama vyumba vya kuwafungia watumwa. Vipo chini ya jengo lililojengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na kwa sababu hiyo wapo wanahistoria wanaohoji maelezo hayo. Kuhoji chumba si kukana utumwa. Soko lilikuwepo, mikataba ipo, na kumbukumbu za misheni na za serikali zipo. Kinyume chake, anayependa ukweli wa mateso yale huulinda kwa kutouchanganya na habari isiyothibitika, kwa kuwa ikigundulika moja si kweli, watu huanza kutilia shaka na zile za kweli.

Jihadhari pia na kosa hili: mkataba wa 1873 haukumaliza utumwa Zanzibar. Ulikomesha biashara ya baharini na masoko ya wazi. Magendo yaliendelea, na watu waliokuwa tayari watumwa mashambani walibaki watumwa. Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar ilitolewa mwaka 1897, na Tanganyika ilisubiri hadi 1922. Kanisa lilipokamilika, mashamba ya karafuu yaliyolizunguka mji yalikuwa bado yanalimwa na watumwa.

Na umpime Steere mwenyewe kwa haki. Alijifunza lugha ya wenyeji kwa heshima na bidii, akahifadhi hadithi zao, na akasimamisha jengo linalozuia soko lisisahaulike. Wakati huo huo alikuwa mmisionari aliyekuja na imani ya kubadili dini za watu, na kazi yake ilitegemea nguvu ya Uingereza ambayo baadaye iliifanya Zanzibar kuwa nchi lindwa mwaka 1890. Jibu zuri hutaja pande zote mbili.

Tarehe za kukumbuka

1828 – Steere anazaliwa London.
1864 – UMCA inahamia Zanzibar.
1870 – Mwongozo wa Kiswahili na Swahili Tales vinachapishwa.
5 Juni 1873 – Sultani Barghash anatia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa.
25 Desemba 1873 – Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini linawekwa.
1874 – Steere anakuwa askofu.
1876 – Makazi ya Masasi yanaanzishwa.
1882 – Steere anafariki na kuzikwa kanisani.
1897 – Hadhi ya kisheria ya utumwa inafutwa Zanzibar.
2000 – Mji Mkongwe unaingia katika Urithi wa Dunia.
2016 – Kituo cha urithi kinafunguliwa Mkunazini.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu mbili zilizofanya UMCA ihamie Zanzibar mwaka 1864.
2. Fafanua mchango wa Edward Steere katika ukuaji wa Kiswahili. Toa hoja tatu.
3. Kuna tofauti gani kati ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa mwaka 1873 na kufutwa kwa utumwa mwaka 1897?
4. Taja maadui wanne wa majengo ya kale ya matumbawe na ueleze namna ya kupambana na kila mmoja.
5. Insha: Majengo ya kihistoria ya dini yafunguliwe kwa watu wote. Jadili, ukitumia mfano wa Mkunazini na mfano mmoja wa jengo la kale lililo katika mkoa wako.

Dokezo la swali la 5: anza kwa kufafanua urithi. Toa hoja za kuunga mkono na angalau hoja moja ya kupinga, kisha hitimisha kwa msimamo wako. Kabla ya kuandika, katembelee jengo hilo la mkoani kwako kama unaweza. Uliza lilijengwa lini, na nani, kwa vifaa gani, na nani analitunza sasa. Majibu utakayoyapata huko ni mfano ambao mtahini hatauona katika karatasi za wenzako.